Hongo ya Taveta

Mpagazi aliyebeba mzigo kutoka Mombasa kwenda Kilimanjaro katika karne ya 19 aliihesabu safari yake kwa maji. Akishaiacha Rabai, mbele yake kulikuwa na Taru, nyika ya miiba na udongo mwekundu isiyo na mto. Maungu kulikuwa na mashimo ya mwambani yaliyohifadhi maji, nayo yalitegemea kama mvua imenyesha. Akifika salama chini ya milima ya Wataita, Ndara au Bura, alipumzika, akanunua chakula, kisha akajitosa katika nyika ya pili, tambarare ya Serengeti ya upande huu wa Taita. Mwisho wa tambarare hiyo, Kilimanjaro ukiwa umeshajaa machoni, ndipo ulipotokea mstari wa kijani kibichi kando ya mto Lumi. Hapo ndipo Taveta.

Msitu ule ulikuwa mji. Wataveta waliishi ndani yake, kila ukoo na migomba yake, wakaiacha miti mikubwa na vichaka vya pembeni visimame kama ukuta. Njia za kuingilia zilikuwa chache na nyembamba, zimezibwa kwa magogo yaliyopangwa hivi kwamba mtu alipita ameinama na mzigo ukafuata nyuma yake. Wamaasai, ambao mikuki yao ilitawala tambarare yote, hawakupenda kupigana mahali pasipo na nafasi ya kurusha mkuki wala ya kuona mbele. Basi msafara ulisimama nje, ukapiga bunduki hewani kuwaarifu wenyeji, ukangoja. Wazee wakaja. Maneno yakaanza, tena hayakuwa maneno ya kuharakishwa, na mwisho wake msafara ulitoa hongo ukaingia.

Hongo. Kijana wa Voi akilisikia neno hili leo humwazia askari wa barabarani, au karani anayefungua droo ya meza yake taratibu. Kenya ina sheria ya hongo ya mwaka 2016, na mtoaji na mpokeaji wote wawili yaweza kuwapeleka jela. Lakini babu wa babu yake kijana huyo alilijua neno hilohilo kama jina la ada halali. Ilitolewa mchana, mbele ya mashahidi, kwa mwenye nchi ambaye mgeni anapita kwake. Ililipwa kwa merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi kilichofika pwani kwa meli kutoka Salem huko Massachusetts, ndiyo maana kikaitwa hivyo. Kwa kaniki, iliyotiwa nili India. Kwa shanga, na kwa waya wa shaba na wa chuma. Kila nchi ya bara ilikuwa na shanga iliyoitaka, na mfanyabiashara aliyebeba rangi isiyotakiwa alikuwa amebeba kokoto.

Nimeanza na mlango wa Taveta kwa sababu ninaamini hasira tunazozisikia leo katika miji yetu, hasira za madereva wanaotozwa ili waingie mjini, waegeshe, washushe abiria au wavuke daraja, zinaeleweka vizuri zaidi tukijua kwamba jambo lenyewe ni la kale, na kwamba wakati mmoja, katika kaunti yetu hii ya Taita Taveta, lilifanyika bila kuleta uadui.

Taveta haikuwa na mfalme. Mambo yaliamuliwa na wazee katika baraza lao, njama, na hongo ilipokewa na wazee kwa niaba ya nchi. Mgeni aliyelipa alijua amelipia nini. Alipata amani ndani ya ukuta wa miti, mahali ambapo Wamaasai hawamfuati. Alipata maji ya Lumi, ndizi, miwa, muhogo na samaki. Alipata nafasi ya kujenga kibanda, hata Waswahili wa Mombasa na Pangani wakawa na nyumba zao humo, wengine na wake. Misafara iliyokuwa ikijiandaa kuingia Umaasaini ilikaa Taveta siku nyingi ikifanya kazi moja ya kuchosha: kuzitungua shanga zote na kuzitunga upya kwa vipimo vinavyokubalika na Wamaasai, maana zikifika vinginevyo zingekataliwa. Mzungu baada ya Mzungu aliandika juu ya Taveta kwa lugha ya mtu aliyetoka jangwani akaoneshwa bustani. Walilalamika juu ya karibu kila kituo kingine cha njia ile. Taveta waliisifu, ingawa huko nako walilipa.

Wakati Taveta ikipokea wageni kwa taratibu hii, majirani zake wa mlimani waliipanga hongo kwa namna nyingine. Mmisionari Johannes Rebmann, akiongozwa na Bwana Kheri, mtu aliyezijua njia za bara, alipita Taita akauona Mlima Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848. Mwaka uliofuata alirudi, safari hii akiwa na bidhaa za kutosha kumfikisha Unyamwezi, kama alivyotumaini. Alifika Machame kwa mtawala wake, Mangi Mamkinga. Kule hakukuwa na kiwango. Leo zawadi, kesho zawadi nyingine, keshokutwa ndugu wa mangi naye ana haki yake, mpaka mizigo ikaisha na safari ya Unyamwezi ikafa kabla ya kuanza. Rebmann aligeuka akarudi pwani akiwa amechoka mwili na roho.

Charles New alikutana na jambo hilohilo, na kwake lilikuwa zito zaidi. Mwaka 1871 mmisionari huyu wa Ribe alipanda Kilimanjaro hadi kwenye theluji, na katika safari hiyohiyo alisimama juu ya ukingo wa Ziwa Chala. Miaka michache baadaye alirudi Moshi kwa Mangi Rindi, ambaye misafara ilimwita Mandara. Rindi alikuwa mtawala mwenye akili kali, aliyeelewa biashara ya pwani kuliko wengi wa wakati wake, na alimvua New karibu kila alichokuwa nacho. New alitoka Moshi mikono mitupu na mgonjwa, akafa njiani Februari 1875 kabla ya kuufikia mji wake.

Kutoka Taveta hadi Moshi ni mwendo mfupi. Watu waliotoza walikuwa wanafahamiana, walioana, waliuziana. Wageni waliotozwa ni walewale. Tofauti yote ilikuwa katika mambo mawili: Taveta hongo ilikuwa na mwisho wake, na baada ya kuilipa mgeni alipokea kitu. Moshi aliyelipa leo hakujua kama amemaliza.

Msafiri wa Kiskoti Joseph Thomson alizionja aina zote mbili mwaka 1883, na ya tatu akaongezewa. Kutoka Taveta alipita Moshi kwa Rindi, akatoa alichotakiwa kutoa, akaingia nchi ya Wamaasai upande wa magharibi wa mlima. Bahati mbaya Dakta Fischer, Mjerumani, alikuwa ametangulia, na msafara wake ulikuwa umepigana na Wamaasai. Hasira hiyo ikamsubiri Thomson. Morani walikuja kundi baada ya kundi, kila kundi na hongo yake, na juu yake kulikuwa na habari za vita. Thomson alitoroka usiku na kurudi Taveta, akaenda pwani kuongeza bidhaa na watu, na baadaye akaambatana na msafara mkubwa wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani. Jumbe Kimameta alijua jambo ambalo Thomson alijifunza kwa shida: Umaasaini hulipi mara moja. Kila rika, kila manyatta, ina mlango wake. Ndivyo inavyokuwa pale ambapo hakuna mlango mmoja unaojulikana.

Kusini, njia ya Tabora ilipita Ugogo, na huko malalamiko ya misafara yalikuwa makubwa zaidi. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipita mwaka 1857 wakinung'unika kila kituo, na waliofuata walinung'unika vilevile. Lakini jiweke upande wa Mgogo. Nchi yake ni kavu. Kisima amekichimba yeye na baba yake. Msafara unakuja na watu mia tano, wote na kiu, na ukiondoka kisima kimebaki matope. Je, asidai kitu? Hongo ya Ugogo ilikuwa bei ya maji, na aliyeilalamikia hakuwa amechimba. Hata Mirambo, mtawala wa Wanyamwezi, alipoifunga njia ya Ujiji mwaka 1871 na kupigana na Waarabu wa Tabora, alikuwa akigombania swali hilohilo: njia ni ya nani, na faida yake imfikie nani?

Wazungu walilijibu swali hilo kwa rula. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa Novemba 1886 ulichora mstari kutoka mto Umba hadi Ziwa Viktoria, ukapinda kuuzunguka Kilimanjaro upande wa kaskazini, ukaacha mlima kwa Wajerumani na Taveta kwa Waingereza. Ukipanda leo kwenye ukingo wa Chala, unausimamia mstari huo. Ziwa lenyewe, la kilomita mraba nne hivi, limelala ndani ya shimo la volkeno, kuta zake zimesimama wima pande zote, na mpaka unalikata: nusu Kenya, nusu Tanzania. May French-Sheldon, mwanamke wa Kimarekani aliyeongoza msafara wake mwenyewe mwaka 1891, alishuka hadi majini akalizunguka kwa boti. Miaka mitano tu baada ya mkataba, tayari alikuwa akipiga makasia kati ya himaya mbili.

Kilichofuata kilifanyika upesi. Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki ilipata hati yake mwaka 1888, Serikali ikatangaza himaya mwaka 1895, na reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 ikapita Voi, ikaelekea Tsavo, ikaiacha Taveta mbali kusini-magharibi. Msitu uliokuwa kituo kikuu cha njia ukawa pembe ya mpakani. Hongo ikapigwa marufuku. Kwa macho ya watawala wapya, mzee wa Kiafrika aliyemtoza mgeni anayepita alikuwa mnyang'anyi.

Lakini kutoza hakukukoma. Mwaka 1901 ilikuja kodi ya nyumba, na sasa aliyetozwa ni mwenyeji, kwa kukaa ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe, katika nchi ambayo juzi tu yeye ndiye aliyekuwa mlinda mlango wake. Ilitakiwa kwa rupia, na rupia ilipatikana kwa kwenda kufanya kazi katika shamba la mtu mwingine. Sidhani kwamba neno hongo lilichafuka kwa sababu wazee wetu walikuwa wala rushwa. Lilichafuka kwa sababu lilinyang'anywa uhalali wake. Malipo ya wazi yakaitwa kodi na yakawa ya Serikali. Malipo ya mwenyeji yakabaki bila jina jingine, yakasukumwa gizani, na huko gizani yakawa kile tunachokijua leo.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilifika Taveta mapema. Wajerumani waliuteka mji huo Agosti 1914, Waingereza wakajenga reli kutoka Voi mwaka 1915 ili kuwafuata, wakapigwa Salaita Februari 1916, na Machi mwaka huohuo wakapita kwa miinuko ya Chala na vilima vya Latema na Reata. Simulizi la vita hivyo lina vitabu vyake. Hapa nataka tu ionekane kwamba reli ya Voi hadi Taveta ilizaliwa kwa jeshi, na kwa muda mrefu hakuna aliyefikiri kwamba wenyeji nao ni watu wa kuihitaji.

Baada ya vita, mlango mkubwa wa nchi ukawa Nairobi. Mwafrika hakuuingia mji huo kwa merikani. Aliuingia kwa kipande, karatasi ya utambulisho ndani ya kijisanduku cha bati kilichoning'inia shingoni, na bila kazi hakuwa na haki ya kukaa. Mombasa nako, mwaka 1931 lilifunguliwa daraja la Nyali lililoelea juu ya maji, likikiunganisha kisiwa na bara ya kaskazini, na aliyevuka alilipa. Daraja hilo lilidumu hadi lilipojengwa jipya mwaka 1980. Watu walilalamika, lakini walivuka, na naona sababu: daraja lilikuwa pale, chini ya miguu yao, na kabla yake kulikuwa na bahari.

Uhuru ulikuja na vizuizi vyake. Katika miaka ya 1980 Serikali ilijenga vituo vya kutoza magari kwenye barabara kuu. Karibu na Ruiru mahali fulani panaitwa Toll hadi leo, na makanga hulitaja jina hilo bila kukumbuka kwamba hapo magari yalisimamishwa yalipe. Vituo hivyo viliachwa, na kuanzia sheria ya mwaka 1993 malipo ya barabara yakahamishiwa kwenye mafuta. Ilikuwa njia ya busara. Anayetembea sana hulipa zaidi, na hakuna foleni ya geti. Tatizo lake ni kwamba dereva haoni anapolipa, na asipoona anapolipa ni rahisi kumtoza tena. Mwaka 2024 tozo hiyo ilipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita. Mtu wa matatu anayetoka Wundanyi kwenda Voi, akijaza lita 40, ameshalipia barabara shilingi 1,000 kabla hajaondoka kwenye kituo cha mafuta.

Halafu anaingia mjini.

Katiba ya mwaka 2010 ilizipa kaunti mamlaka juu ya maegesho na magari ya mijini, na haki ya kutoza ada kwa huduma zinazotolewa. Neno huduma limo ndani ya Katiba yenyewe, kifungu cha 209. Kifungu hichohicho kinakataza kaunti kutoza kwa namna itakayozuia watu na bidhaa kutembea kati ya kaunti na kaunti. Walioandika walikuwa na hekima. Waliogopa nchi yenye milango 47, kila mmoja na hongo yake, kama njia ya Jumbe Kimameta.

Nairobi ndiyo iliyoanza kupima uvumilivu wa watu. Ada ya kuegesha gari siku nzima katikati ya mji ilikuwa shilingi 140. Mwishoni mwa mwaka 2013, kaunti ikiwa na umri wa miezi michache, ilipandishwa hadi 300, na za matatu nazo zikapanda. Januari 2014 wenye matatu waligoma, barabara zikafungwa, maelfu wakaenda kazini kwa miguu. Kesi zikafunguliwa. Mwaka 2019 ikapendekezwa shilingi 400, watetezi wa watumiaji wa bidhaa wakaenda mahakamani, na mahakama ikasimamisha. Katikati ya hayo, Desemba 2018, kaunti ilijaribu njia nyingine kabisa: ikazuia matatu zisiingie katikati ya mji. Watu walishushwa pembezoni, wazee, wagonjwa, kina mama na watoto mgongoni, wakatembea. Amri hiyo haikumaliza hata siku mbili.

Nimewahi kufungiwa gari katika mji mmojawapo wa nchi hii. Nililipa kwa simu, ujumbe ulichelewa, nikarudi nikakuta mnyororo kwenye gurudumu. Niliwaonesha vijana wa maegesho ujumbe uliofika baadaye. Hawakuutazama. Mmoja alinong'ona kwamba kuna njia fupi. Nilikataa, nikangoja saa tatu kwenye jua. Nilipokuwa nimekaa kwenye ukingo wa mtaro uliojaa taka, karibu na taa ya barabarani isiyowaka, nilielewa kwamba zile shilingi hazikuwa zikiniuma. Kilichoniuma ni ule mtaro.

Hapa wako watakaosema kwamba ulimwengu wote unafanya hivi. Ni kweli. Singapore ilianza mwaka 1975 kumtoza dereva anayeingia katikati ya mji asubuhi. London ilianza Februari 2003 kwa pauni 5, na sheria ikaagiza fedha hizo zirudi kwenye usafiri. Mabasi yakaongezwa kabla ya siku ya kwanza ya kutoza. Edinburgh waliulizwa kwa kura mwaka 2005, na karibu robo tatu wakakataa. Stockholm ndiyo inayonivutia zaidi. Mwaka 2006 waliijaribu tozo kwa miezi saba, wakaizima, kisha wakawaita wenyeji wapige kura. Kabla ya majaribio wengi waliipinga. Baada ya kuona barabara zimepumua, zaidi ya nusu ya wapiga kura wa mji walikubali, na mwaka uliofuata ikarudishwa. New York nao wameanza Januari 2025, kwa dola 9, baada ya mabishano ya miaka mingi.

Tofauti kati ya Stockholm na miji yetu si utajiri peke yake. Mwenyeji aliulizwa, naye alioneshwa kwanza. Taveta ya mwaka 1883 ilikuwa karibu zaidi na Stockholm kuliko ilivyo miji yetu mingi leo. Milango ilikuwa michache, waliotoza walijulikana kwa majina, bei ilikuwa na mwisho, na nyuma ya mlango kulikuwa na maji.

Mahakama zetu zimeanza kulisema hili kwa lugha yao. Kaunti ya Mombasa iliyatoza malori ya kampuni ya Base Titanium, yaliyobeba madini kutoka Kwale kwenda Likoni, kwa hoja kwamba yanatumia barabara. Kampuni ilipinga, kesi ikapanda ngazi hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 2021 kampuni ikashinda. Sikushangilia kwa ajili ya kampuni. Nilishangilia kwa ajili ya mchuuzi wa Taveta mwenye pikapu ya nyanya, ambaye hana wakili, na ambaye hupita kaunti tatu kabla ya kufika soko la Kongowea, Mombasa.

Na sisi wa Taita Taveta tuna mlango wetu mkubwa kuliko yote. Mbuga ya Tsavo ilitangazwa mwaka 1948, na inachukua takribani asilimia 62 ya ardhi ya kaunti yetu. Geti lake la Voi liko mwendo mfupi kutoka stendi ya matatu. Magari ya watalii hupita hapo mwaka mzima, kila kichwa kikilipa, na malipo hayo huenda kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani Nairobi. Viongozi wetu wamedai mgawo kwa miaka na miaka, chini ya serikali baada ya serikali. Ndovu hawana geti. Hutoka usiku, wakamaliza shamba la mahindi Sagalla au Mwatate, na asubuhi mwenye shamba anabaki akihesabu mabua. Yeye ndiye mlinda kisima wa leo. Yeye ndiye anayeishi na kile ambacho mgeni amekuja kukitazama, na hongo ya kisima chake inapokewa kilomita zaidi ya mia tatu kutoka kwake. Ninaposikia kwamba watu wa kaunti hii wana manung'uniko mengi juu ya kila ada mpya, nawaambia wanaouliza watazame kwanza geti hili.

Taveta yenyewe imerudi kuwa njia. Barabara ya Mwatate hadi Holili iliwekewa lami katika miaka ya 2010 kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na tangu mwaka 2016 kituo cha pamoja cha mpakani kinawahudumia wanaotoka na wanaoingia. Malori ya vitunguu, mahindi na saruji hupita pale ambapo wapagazi walitunga shanga. Juu yao, Chala limetulia mahali pake. Hakuna mto unaotoka ziwani. Maji yake huingia kutoka mlimani na kutoka tena chini kwa chini, hayaonekani yakienda, na bado ziwa halifuriki wala halikauki. Mtu akikaa ukingoni kwa muda, anaamini tu kwamba maji yale yanafika mahali.

Siku ya soko mwaka jana, katika mji mdogo wa upande wetu, nilikuwa nimesimama karibu na mama mmoja aliyeshusha mikungu yake ya ndizi kutoka kwenye bodaboda. Alikuwa ametoka upande wa Chala alfajiri. Kijana mwenye kitabu cha stakabadhi alifika kabla mama hajapanga hata mkungu mmoja. Mama alifungua pindo la leso yake, akahesabu shilingi, akapokea karatasi, akaikunja mara mbili. Hakuwa na hasira. Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemuuliza mtoto wa jirani habari za nyumbani:

"Na hii ya leo, mwanangu, inakwenda kufanya nini?"

Kijana alikuwa mtoto wa hapahapa, na nilimwona akitafuta jibu kwa dhati. Alitazama kitabu chake, akatazama njia ya matope kati ya meza, kisha akamtazama mama.

"Mimi nimetumwa tu, mama," alisema.